Viatu vya Bwana Mkubwa

Kila siku ya kazi, mama aliondoka kabla hakujapambazuka. Alikuwa mkunja mashuka katika kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, na zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Binti yake wa miaka kumi na miwili alibaki na kazi ngumu kuliko hesabu za sehemu: kumvalisha mdogo wake na kumfikisha chekechea, kisha kukimbilia shuleni kwake.

Binti huyo aliitwa Balozi. Mama alimpa jina hilo miezi michache baada ya kuhamia ugenini, alipoona mwanawe ameishika lugha ya huko vilivyo, ilhali yeye mwenyewe bado anaokota neno mojamoja. Kwa daktari, Balozi ndiye aliyesema. Kwa mwenye nyumba, Balozi tena. Mdogo wake wa miaka miwili na nusu aliitwa Bwana Mkubwa, kwa sababu ya kitumbo chake na jinsi alivyopenda kutembea mikono nyuma, utadhani anakagua shamba lake. Baba yao alikuwa bado nchini kwao, akisubiri kibali cha kuwafuata.

Pale chekechea palikuwa na desturi. Kila mtoto alivua viatu mlangoni na kuviweka kwenye rafu, chini ya picha yake. Bwana Mkubwa alikubali kuvivua, lakini rafuni hakuviweka. Alivikumbatia kifuani, akaingia navyo. Hakulia wala hakugeuka nyuma. Saa tisa mama alimpokea mlangoni, mwalimu akasema maneno mengi haraka haraka, na mama akatabasamu na kutoa neno pekee alilokuwa na uhakika nalo: asante.

Yaliyobaki yaliandikwa kwenye daftari dogo la bluu, lililokwenda na kurudi ndani ya mfuko wa mtoto. Jioni ya siku ya kwanza, Balozi alilifungua akasoma kimoyomoyo: "Leo hakulia, lakini hakula wala hakucheza. Alisimama dirishani na viatu vyake mpaka mama alipofika."

Akainua macho. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bado amevaa koti, mkono mmoja nje ya mkono wa koti na mwingine ndani. Alikuwa hivyo tangu arudi. Hakuwa na hasira wala machozi. Alikuwa tu hapo, kama mtu aliyesahau alitaka kufanya nini.

"Wanasemaje, Balozi?"

"Wanasema..." Balozi akalifunga daftari. "Amecheza sana. Amecheza na maji. Na chakula amemaliza."

"Hajaniulizia?"

"Hata kidogo, mama."

"Haya," mama alisema. "Vizuri." Akajilaza, akageukia ukutani.

Balozi alidhani ametenda wema. Lakini uongo ni kama mtoto mchanga: ukishauzaa, sharti uulishe kila siku. Kesho yake alimzulia Bwana Mkubwa rafiki. Keshokutwa, gari jekundu. Siku ya nne, wimbo wenye kupiga makofi. Huku daftari likiandika mengine: "Tafadhali njoo ukae naye darasani. Hapa kwetu kila mzazi hukaa na mtoto wake asubuhi za mwanzo. Tunakungoja." Balozi alisoma, akafunua ukurasa. Alihofu mama akiomba ruhusa kazini atafukuzwa. Mwanzoni moyo ulimdunda alipodanganya. Baadaye haukudunda tena. Ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jioni ya siku ya kumi, mama alikuwa akikunja taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mikono ilikuwa haijajua kwamba zamu imekwisha.

"Mtoto huyu amenisahau upesi," alisema.

"Si ni vizuri, mama? Halii."

"Ni vizuri, ndiyo. Ana rafiki, ana gari jekundu." Taulo likakunjwa mara ya nne. "Mimi nilifikiri atalia kidogo, nami nilie kidogo, mambo yaishe. Sasa hata kulia siwezi. Nakunja mashuka mia sita, narudi, nalala. Sina uchungu, Balozi. Sina chochote. Hilo ndilo linalonitisha."

Balozi akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Siku ya kumi na moja mama alilitoa daftari mfukoni yeye mwenyewe. Mwalimu, kwa kuona haji mtu kukaa darasani wala halirudi jibu, alikuwa amebandika picha. Ilimwonyesha Bwana Mkubwa kwa nyuma, kisogo na masikio mawili, amesimama dirishani. Kila mkono ulishika kiatu kimoja. Nyuma yake, wenzake wote walikuwa sakafuni wanacheza.

Picha haihitaji mkalimani. Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Gari jekundu liko wapi?" aliuliza taratibu.

Balozi alijiinamia.

"Soma. Anza ukurasa wa kwanza. Kama ulivyoandikwa."

Akasoma kurasa zote kumi na moja. Chini ya meza, Bwana Mkubwa alikuwa amekaa na viatu vyake mapajani. Balozi alipofika palipoandikwa "tunakungoja," mama alianza kulia. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu washuke kwenye ndege. Balozi alingoja kofi. Halikuja.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulikaa na koti, mama. Siku ile. Niliogopa nikikwambia utavunjika."

"Siku kumi na moja mtoto wangu ananisubiri dirishani," mama alisema, "na mimi naambiwa hanihitaji. Hilo ndilo lililonivunja." Akajifuta uso kwa taulo. "Haya. Mpigie msimamizi wangu. Utasema nitakavyosema. Usipunguze, wala usitie chumvi."

Msimamizi alipokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula. Balozi akafasiri kila kitu, hata yale ambayo jana angeyameza.

"Anasema unamvurugia ratiba."

"Mwambie najua, na naomba radhi."

"Anasema ungesema mapema."

Mama alimtazama Balozi. "Mwambie ni kweli."

"Anasema haya, siku mbili usije, ya tatu uingie mchana. Ila Jumamosi utafidia."

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote watatu. Mama aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, na Bwana Mkubwa akamtazama kana kwamba ndiye mwanafunzi mgeni. Mwalimu alisema jambo kwa upole.

"Anasema alidhani hutaki kuja," Balozi alifasiri, masikio yakimwaka. Kisha akamgeukia mwalimu na kumwambia, kwa lugha ya mwalimu, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. "Mama hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea uongo. Naomba unisamehe." Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akamshika bega. Balozi alifika shuleni amechelewa, akaeleza sababu, akaadhibiwa kufuta ubao wiki nzima. Aliufuta bila kinyongo.

Siku ya kwanza Bwana Mkubwa hakubanduka gotini mwa mama. Siku ya pili alikwenda hadi kwenye beseni la maji, akarudi mbio kuhakikisha kiti hakijabaki kitupu. Siku ya tatu alimwekea mama viatu mapajani, akaenda kucheza. Kabla ya mchana, mama alimkabidhi viatu hivyo na kumwonyesha rafu. Kisha akamuaga, akaondoka kwenda kazini; saa tisa Balozi ndiye aliyempokea mdogo wake.

Jioni mama aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda na koti lake. Akamsogezea Balozi daftari.

Balozi alipitisha macho, akasita. Halafu akasoma yote. "Leo amelia sana mama alipoondoka. Amelia dakika kumi. Kisha ameweka viatu rafuni, amekula, na amelala."

"Amelia?" mama aliuliza.

"Sana, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mama alicheka, machozi yakimlengalenga. "Amelia, Bwana Mkubwa wangu!" Akamvuta Balozi akae karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Habari mbaya iliyo kweli nitaibeba, na nikilemewa tutasaidiana. Lakini ile nzuri ya uongo niliibeba peke yangu, nawe ukabeba yako peke yako. Mjumbe hauawi, Balozi. Naye asiue ujumbe."

"Sitarudia, mama."

"Najua." Mama akasimama, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango.