Ndege Katika Daftari la Zamu

"Wewe binti, maji hayajileti."

Hiyo ndiyo sauti iliyomwamsha Swaumu kila asubuhi, jua likiwa bado chini ya vilima vya Kwaluguru. Ilikuwa sauti ya Tatu, mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Swaumu alibeba ndoo hadi lambo, akarudi, akanywa uji, kisha akatoka mbio na jembe begani. Siku hizo mwanafunzi aliyefika shuleni bila jembe alionekana kama askari aliyesahau bunduki.

Ulikuwa mwaka 1978. Vita vilikuwa Kagera, mbali sana na Handeni, lakini redio ya ofisi ya kijiji ilivileta hadi mlangoni kila jioni. Ikaja amri: ndege ndogo za watu binafsi zisiruke wala zisitue popote bila kibali. Kila kijiji chenye kiwanja cha ndege kikilinde.

Kijiji chetu kilikuwa na kiwanja. Kilikuwa kipande kirefu cha nyasi, kilichosawazishwa zamani na vibarua wa shamba la mkonge ili mwenye shamba atue na ndege yake. Mkonge ulikufa, mwenye shamba akaenda zake, nyasi zikabaki. Mara moja kwa mwezi ndege ya daktari ilitua hapo, ikaleta chanjo na kuchukua wagonjwa mahututi.

Amri ile haikuwa mbaya, na asije mtu akasema tuliikataa. Mwizi akipita kijijini, kila mwenye akili hufunga mlango. Lakini anayefunga mlango huhesabu kwanza kama watoto wake wote wamo ndani.

Shuleni, darasa la sita, alimokuwa Swaumu, lilipewa zamu ya kutazama anga. Kila mwanafunzi alikaa saa nzima juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya shule, na daftari mapajani. Akiona ndege, aliandika saa, ukubwa, rangi na upande ilikoelekea. Siku ya Ijumaa Mwalimu Efrazia alisoma daftari mbele ya shule nzima, na aliyeona ndege akapigiwa makofi.

Habakuki alikuwa ameona tatu. Swaumu hakuwa ameona hata moja. Kila zamu yake iliandikwa, "Sijaona kitu."

"Macho yako ni ya kutafutia nyama kwenye mchuzi tu," Habakuki alimwambia, wenzake wakacheka. "Likija jeshi zima la adui, utaandika umeona kunguru."

"Na wewe huwa unaona ndege au unaona nzi?" Swaumu alimjibu. Lakini maneno yale yalimkaa rohoni.

Alhamisi iliyofuata alikaa juu ya kichuguu tangu saa nne. Anga ilikuwa tupu, hata tai hakuwapo. Saa yake ilipokaribia kuisha aliinamia daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri:

"Saa nne na robo. Ndege ndogo, nyeupe, haina alama. Imezunguka kiwanja mara mbili, ikaelekea Korogwe."

Ijumaa shule nzima ilimpigia makofi. Masikio yake yalipata joto kwa furaha. Hata Habakuki alipiga, ingawa kwa vidole viwili.

Jioni alimsimulia mama yake mdogo, aliyekuwa anamenya mihogo, tumbo la miezi minane likimzuia kuinama vizuri.

"Mara mbili?" Tatu aliuliza. "Mbona jana saa nne nilikuwa shambani palepale kando ya kiwanja, na sikusikia mlio?"

"Ilikuwa juu sana, mama."

"Juu sana, ukaona na kwamba haina alama?"

Swaumu aliokota maganda ya mihogo. Tatu alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Haya. Labda macho yako ni mapya, yangu yameliwa na moshi. Nisogezee sufuria."

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Swaumu alisogeza sufuria.

Maneno yake hayakubaki shuleni. Gregori, kamanda wa mgambo wa kijiji, aliyanakili na kuyapeleka juu. Baada ya siku nne ikaja barua kwa pikipiki: kiwanja kichimbwe mara moja, mtaro ukatwe katikati, ndege yoyote isiweze kutua. Hakuna aliyekuja kuuliza ni nani aliyeona. Hakuna aliyeuliza ana umri gani, alikuwa na nani, wala kama wakulima waliokuwa chini ya anga hiyohiyo walisikia lolote. Karatasi ilikwenda, karatasi ikarudi.

Jumamosi filimbi ya msaragambo ikalia, kijiji kizima kikatoka na majembe kwa kazi ya pamoja. Aliyeanza kuchimba alikuwa Mhina, mume wa Tatu. Wanawake waliimba, vumbi likapanda. Tatu alikatazwa kushika jembe kwa sababu ya tumbo, basi akawa anapita na kata, akiwanywesha maji wachimbaji.

"Kamanda," Mhina alisema akipangusa jasho, "na ndege ya daktari itatua wapi?"

"Ndugu Mhina, ndege ndogo haina hodi," Gregori alijibu. Alikuwa mtu mwaminifu, mtoto wa vibarua wa mkonge wa Korogwe, na kazi yake aliipenda. "Mgeni wa barabarani namsimamisha, namuuliza atokako. Huyu wa angani nitamuuliza nini? Daktari akipata kibali, tutaletewa barua ya kufukia."

Hadi jua linazama, mtaro ulikuwa umefika kiunoni mwa mtu mzima. Swaumu naye alichimba. Kila alipoinua jembe alitaka kusema, na kila alipolishusha aliona watu wamekwisha kuchimba mno.

Wiki mbili baadaye mvua za vuli zilianza, na Tatu akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza wakunga walisema ni kawaida. Siku ya pili, asubuhi, mganga wa zahanati alitoka chumbani akiwa amebadilika uso.

"Mtoto amelala vibaya," alimwambia Mhina. "Mkeo anahitaji kupasuliwa. Na lori la kijiji limezama matopeni tangu juzi."

Alipiga redio ya upepo. Jibu lilirudi haraka kuliko alivyotegemea: daktari ameomba kibali, amepewa, anaruka, atafika saa nane mchana.

Kibali kilipatikana. Mtaro ulikuwa bado pale.

Watu walikimbia na majembe, mabeseni, hata na sahani. Lakini udongo waliouchimba ukiwa mkavu ulikuwa umegeuka tope zito, na mtaro wenyewe umejaa maji. Kila walichotia kilizama. Mhina aliingia ndani mpaka kiunoni, akawa anakanyaga udongo kwa miguu ili ushikane. Gregori alikuwa pembeni yake, amevua shati la mgambo.

Mlio ukasikika. Ndege ikatokea kwenye mawingu, ndogo, nyeupe, ikashuka chini mpaka watu wakaona kichwa cha rubani. Ilizunguka kiwanja mara moja. Watu waliacha kuchimba, wakapunga kanga. Ikazunguka mara ya pili. Kisha ikanyanyua pua na kuelekea Korogwe.

Swaumu alisimama katika mvua na jembe mkononi. Aliijua ndege ile. Aliiandika yeye.

Walimlaza Tatu kwenye kitanda cha kamba, vijana wanane wakakibeba mabegani kwa zamu, wakishika njia ya Korogwe. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya turubai, wakunga wakihangaika. Alikuwa msichana, akalia kwa nguvu. Mama yake alikuwa amekwisha kutokwa na damu nyingi mno, na hakumsikia. Wabebaji waligeuza kitanda, wakarudi nacho kijijini polepole, wala hakukuwa na haja tena ya kupokezana haraka.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Mhina alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Mwalimu Efrazia na Gregori walikuwa wamekuja kumpa pole. Swaumu alitoka ndani na daftari la zamu, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo. Shikamoo, mwalimu." Akaliweka daftari mkekani. "Ile ndege niliyoandika haikuwapo. Sikuona kitu siku ile. Nilitaka kupigiwa makofi."

Ndani, mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa.

"Mama yako alijua?" Mhina aliuliza mwishowe.

"Aliniuliza. Nikamwambia ilikuwa juu sana."

Mhina aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye mikono. Gregori alisimama.

"Mtoto huyu ametudanganya sote, hadi serikali," alisema. "Haya si ya kumaliza hapa barazani."

"Kaa, Gregori," Mhina alisema. "Ametudanganya, ndiyo, na atalibeba neno hilo maisha yake yote, huhitaji kumwongezea. Lakini mimi nilikuwa shambani siku ile pamoja na mke wangu. Sote wawili hatukusikia mlio. Nani alikuja kuniuliza? Wewe ulikuja?"

Gregori alikaa.

"Sipingi ulinzi," Mhina aliendelea. "Nipe zamu ya usiku na mchana, nitalinda. Ila nieleze jambo moja. Barua ya kuchimba ilikuja kwa siku nne. Ya kufukia iko wapi, nikaipokee?"

"Haijafika."

"Tunaanza kufukia kesho. Ikifika, itatukuta tumemaliza."

Gregori alikwangua tope lililokauka kwenye goti la suruali yake. "Bila barua nitaulizwa," alisema. Kisha akaongeza, "Wacha niulizwe. Tutaweka mapipa ya mchanga badala ya mtaro, na mgambo wawili kila siku. Redio ikisema daktari ana kibali, tunayaviringisha pembeni. Akija asiye na kibali, atayakuta yamesimama. Hivyo ndivyo tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo."

Mtaro ulifukiwa kwa msaragambo wa siku mbili. Hawakuimba. Swaumu alibeba udongo kwa karai tangu asubuhi hadi jioni, na Habakuki alikuja kushika upande wa pili wa karai lake bila kusema chochote.

Mwezi uliofuata mapipa yaliviringishwa, na ndege ya daktari ikatua. Swaumu alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa chanjo, amembeba mtoto aliyepewa jina la mama yake, Tatu. Barua ya kufukia haikuwa imefika. Haijafika hadi leo.

Ijumaa ya wiki hiyo Mwalimu Efrazia alisimama mbele ya shule na daftari la zamu.

"Leo sikilizeni vizuri," alisema, "maana nami nina kosa langu. Niliwapigia makofi walioona, sikuwapigia waliosema hawakuona. Hivyo nikawafundisha kuona visivyokuwapo. Nchi inahitaji walinzi, na mlango unahitaji komeo. Lakini mlinzi anayesema ameona kisichokuwapo ni hatari sawa na aliyelala. Na mkubwa anayepokea neno na kutoa amri bila kuuliza, huyo ni hatari kuliko wote wawili. Mkiwa watoto, semeni kweli. Mkiwa wakubwa, ulizeni."

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho na kusoma: "Alhamisi, saa nne hadi saa tano. Swaumu. Sijaona kitu."

Shule nzima ilipiga makofi. Swaumu hakuinua uso. Alikuwa akisubiri yaishe, arudi nyumbani akachote maji, kwa kuwa sasa hakuna tena wa kumwambia kwamba hayajileti.