Sindano Apokea Simu Yake Mwenyewe

Katika mtaa wetu hakuna aliyejua kupokea simu kunishinda mimi. Kwa miaka minane nilipokea simu zote za kazi za binti yangu, na hakuna ujumbe hata mmoja niliowahi kuukosea. Basi, mmoja niliukosea. Na ule wa mapazia. Tuseme nilikosea mikubwa tu. Ile midogo niliisahau kabisa.

Wakati huo simu ilikuwa kitu cha kukaa mezani. Ilikuwa na mkono wa kushika na waya wa kujikunjakunja. Simu za kutia mfukoni zilikuwa bado hazijatufikia.

Binti yangu ni fundi cherehani. Watu humwita Sindano. Ni mwembamba, na akikuchoma kwa maneno damu haitoki lakini utakumbuka. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila masikio hayakurudi. Anaongea vizuri, maana kuongea alishakujua. Ukimwambia jambo anakutazama midomo. Ukimgeuzia kisogo, unaongea na ukuta.

Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi, na simu karibu na dirisha. Simu ikilia, napokea mimi. Kisha namwambia mteja kasema nini.

Siku moja alipiga mtunza stoo wa hospitali. Sisi tunamwita Bwana Stoo. Alitaka foronya sitini, nyeupe. Nilikuwa na sufuria jikoni. Nikamwambia, "Subiri kidogo, baba," nikakimbia kuipunguzia moto. Niliporudi alishakata. Kichwani mwangu ilibaki "sitini" na ikabaki "nyeupe". Ile ya katikati ilikuwa imeungua pamoja na maharage.

Sindano akaniuliza, "Kasema nini?"

Nikasema, "Mashuka sitini. Meupe."

Akayashona yote sitini.

Bwana Stoo alikuja mwenyewe, shuka moja mkononi. Ni mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka ya watu wanne. Alisimama mbele ya Sindano ili aonekane midomo.

"Fundi, huyu mgonjwa alaze kichwa juu ya shuka, au tumviringishie?"

Sindano alinitazama. Mimi nilitazama pasi.

"Kosa ni la kwangu," Sindano alisema. "Foronya utazipata keshokutwa."

"Sikiliza. Samahani, tazama. Hospitali inafungua wodi mbili mpya. Tunatafuta fundi mmoja wa kutushonea kila kitu kwa mwaka mzima. Wewe unashona vizuri kuliko wenzako wawili. Lakini shuka likichanika leo, nalitaka kesho. Siwezi kuja hapa kila mara. Jumatatu, wiki mbili kutoka leo, nitawapigia simu mafundi wote watatu. Nitawapa vipimo. Fundi nisiyeweza kuongea naye mwenyewe, jina lake nalifuta."

"Mimi si nipo?" nikasema.

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, bibi," alijibu, akaenda zake.

Sindano alilikunja lile shuka polepole, pembe kwa pembe. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa kitu alichokingoja tangu alipofungua karakana.

"Simu ile nitaipokea mimi," alisema.

"Kwa masikio gani, mwanangu?"

"Sijui bado. Lakini nitaipokea."

Kesho yake alikwenda kwenye chama cha viziwi. Alirudi na mwanamume mmoja mrefu, vidole vyeusi kwa wino. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na alikuwa akipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Basi tumwite Mchapaji. Alibeba kitu kilichofungwa kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Alikifungua juu ya meza ya cherehani. Kilikuwa na vitufe vya herufi, kama mashine ya kupiga chapa. Juu ya vitufe kulikuwa na kidirisha chembamba cha kioo. Juu kabisa kulikuwa na vikombe viwili vya mpira.

"Vya chai?" niliuliza.

Mchapaji hakunisikia, lakini alinielewa. Akacheka. Yeye alisema kwa lugha ya alama, kwa mikono. Sindano, aliyejifunza lugha hiyo kule chamani, akanieleza kwa mdomo.

"Anasema hii ni simu ya maandishi. Ule mkono wa simu unalazwa humu, kwenye vikombe. Mimi napiga herufi. Mashine inazigeuza kuwa milio. Milio inapita kwenye waya wa simu kama sauti ya mtu. Upande wa pili kuna mashine kama hii. Inaigeuza ile milio kuwa herufi tena, na mwenzangu anasoma kwenye kidirisha."

"Na wa upande wa pili akiwa hana mashine? Bwana Stoo hana."

"Hapo kuna kituo cha upokezi. Kinapigiwa simu, na mpokezi anakaa katikati. Yeye ana mashine na pia ana masikio. Nikiandika, anamsomea Bwana Stoo. Bwana Stoo akisema, ananiandikia mimi."

"Kumbe ni kazi yangu mimi hiyo."

"Hapana, Mama. Mpokezi haongezi neno, hapunguzi neno, na siri za watu hazitoi nje. Wala haachi simu akaenda kutazama maharage."

Mchapaji aliuliza kwa mikono tunacheka nini. Sindano akamweleza. Toka siku hiyo Mchapaji alinipa jina la alama, maana viziwi hupeana majina ya mikono. Langu lilikuwa vidole vikicheza puani, kama mtu anayenusa moshi.

Tukaanza kujifunza. Nilijitolea kuulaza mkono wa simu kwenye vikombe, kwa kuwa mimi ndiye mzoefu wa simu. Mchapaji alikuwa amekwenda kwake, ili atupigie kwa mashine yake. Milio ikaanza, kama vifaranga wenye baridi. Kidirisha kikabaki cheupe.

"Imekufa," nikasema.

Sindano aliinama. Kando ya kikombe kimoja palichorwa waya. Maana yake upande wa mkono wa simu unaotoka waya ndio unaokaa hapo. Mimi nilikuwa nimeulaza kinyume. Pa kusikilizia pamekaa pa kusemea. Aliugeuza. Maneno yakaanza kupita kwenye kidirisha, moja nyuma ya lingine:

HUJAMBO FUNDI. HAPA MCHAPAJI. ENDELEA

Sindano aliweka mkono kifuani. Tangu augue, hiyo ilikuwa simu yake ya kwanza.

Hilo neno ENDELEA lina kazi yake. Kwenye mashine hii watu wawili hawaandiki kwa mpigo. Wakifanya hivyo herufi zinagongana na hakuna anayeelewa kitu. Kwa hiyo mmoja anaandika mpaka amalize, kisha anaandika ENDELEA, maana yake sasa zamu yako. Mazungumzo yakiisha, kila mmoja anaandika MWISHO, ndipo simu inakatwa. Mimi nilimwambia Sindano kuwa utaratibu huo ungefaa sana harusini na msibani.

Siku ya pili shida ilikuwa nyingine. Mchapaji aliandika vizuri, lakini kwetu yalitokea hivi:

NITAKUJA KEQXXMSHO ASUZZVBUHI

Tulihangaika. Sindano alikagua waya, akafuta vikombe, akaulaza mkono wa simu upya. Bado. Mwishowe aliweka kiganja juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka. Mimi nilikuwa kwenye cherehani iliyoungana na meza hiyo, napinda pindo la pazia kwa mwendo wa mtu mwenye bidii.

"Mama, simamisha mguu."

Nikasimamisha. Herufi zikanyooka.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba vikombe vya mpira vinanasa kila kelele na kila mtikisiko. Mashine inadhani nayo ni herufi. Sindano aliihamishia kwenye meza ndogo mbali na cherehani, akatandika blanketi chini yake. Akaandika kibao: SIMU INAONGEA, CHEREHANI INYAMAZE. Nadhani kiliandikwa kwa ajili yangu. Cherehani hazisomi.

Ilibaki jambo moja. Sindano atajuaje kama simu inalia? Mchapaji alileta kisanduku kidogo cha kuunganisha simu na taa. Simu ikilia, taa inawaka na kuzimika. Tuliiweka juu ya cherehani, mbele ya macho yake.

Siku zilizobaki Sindano alifanya mazoezi. Alichora vitufe kwenye kipande cha boksi na kuvipiga kwa vidole akisubiri pasi ipate moto. Mwanzoni aliandika kama kuku anayechagua punje. Siku ya nane vidole vilikimbia.

Lakini Bwana Stoo alikuwa hajui lolote. Siku ya Ijumaa Sindano alimpigia kupitia kituo. Mpokezi aliandika: AMEKATA. Akapiga tena. AMEKATA. ANASEMA HANUNUI KITU.

"Basi mwanangu," nilimwambia, "tumejaribu."

Alivaa viatu. "Wewe umejaribu. Mimi naenda stoo."

Nilimfuata. Tulimkuta Bwana Stoo katikati ya marundo ya blanketi, anahesabu kwa sauti.

"Leo umenikatia simu mara mbili," Sindano alimwambia.

"Mimi? Alipiga mama mmoja, anasema sijui kituo, sijui upokezi."

"Ndiyo simu yangu hiyo. Namba ya kituo hii hapa. Jumatatu unapiga hapo, unawapa namba yangu. Wewe unaongea, mimi nasoma."

Bwana Stoo alikuna kichwa kwa kalamu. "Fundi, nilitaka tuongee mimi na wewe. Sasa mambo ya stoo nimweleze mtu wa tatu?"

"Miaka yote umekuwa ukimweleza mama yangu. Yeye alikuwa wa ngapi?"

Bwana Stoo alinitazama. Kisha alichukua ile karatasi ya namba, akaibandika ukutani.

Jumatatu, saa nne asubuhi, taa iliwaka. Sindano aliulaza mkono wa simu kwenye vikombe. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, mikono nimeifunga kwenye kanga isije ikasaidia.

HAPA KITUO CHA UPOKEZI. MTUNZA STOO YUKO KWENYE SIMU, alianza mpokezi. Kisha: MWAMBIE NATAKA MASHUKA MIA MOJA NA ISHIRINI. ENDELEA

Vidole vya Sindano vilijibu: NIAMBIE MIMI. NIPO HAPA. ENDELEA

Kidirisha kilikaa kitupu. Kisha:

SAMAHANI FUNDI. NATAKA MASHUKA 120. UREFU META MBILI NA NUSU. UPANA META MOJA NA NUSU. FORONYA 120. MAPAZIA 40 YA KIJANI. ENDELEA

Sindano aliandika yote kwenye daftari. Halafu hakukubali haraka. Aliandika: MASHUKA 120, WODI MBILI. MOJA YA WATOTO? VITANDA VYA WATOTO NI VIFUPI. UMEVIPIMA? ENDELEA

Mpokezi aliandika: AMEWEKA SIMU CHINI. NASIKIA VIATU VIKIKIMBIA. Tukangoja. Sindano hakuondoa macho kwenye kidirisha. Mimi nilitamani kuinua ule mkono wa simu nimwite, lakini niliisoma kanga yangu mara tatu.

NIMERUDI, yalikuja maneno. VITANDA 50 NI VYA WATOTO. META MOJA NA NUSU TU. FUNDI, WENZAKO WAWILI WAMESEMA SAWA SAWA WAKAKATA. KAZI NI YAKO. ENDELEA

Sindano aliandika: ASANTE. MASHUKA YA WATOTO UTAYAPATA KWANZA. MWISHO

Kisha alilaza kichwa juu ya blanketi, akalia. Nilimgusa ili anitazame midomo. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, lakini nilisahau yote. Kwa hiyo nilifungua mikono, nikatumia ile lugha yao. Nilijua neno moja tu. Nilimwambia: endelea.

Mashuka ya watoto yalifika wodini kabla ya siku yake. Mapazia nayo. Sindano aliajiri mafundi wawili, mmoja kiziwi, mmoja anayesikia. Wateja wengine walipewa namba ya kituo. Hakuna tena kitambaa kilichokatwa kwa kubahatisha. Sasa anapojadili kipimo anajadili mwenyewe, na akikosea, kosa ni lake mwenyewe, tena analirekebisha siku ile ile. Ukiwa na ndugu asiyesikia, usikimbilie kumsemea. Uliza kwanza kama ipo njia ya yeye kujisemea. Chama cha viziwi ndipo mahali pa kuulizia.

Bwana Stoo naye aliizoea mashine, mpaka akawa anapiga hata kusalimia. Mchana mmoja alipiga akasifu mapindo ya mapazia. Nilikuwa karibu, nasoma pamoja na Sindano.

FUNDI, aliendelea, KUNA JAMBO SIKUWAHI KUKUAMBIA. POLE SANA KWA MSIBA WA DADA YAKO. ENDELEA

Sindano alikunja uso. DADA YUPI? ENDELEA

YULE PACHA WAKO. MWAKA JUZI MAPAZIA YALIPOCHELEWA WIKI MBILI, NILIPIGA KUULIZA. MAMA AKASEMA MKO MATANGANI. ALILIA SANA HADI NIKALIA NA MIMI. TULICHANGA HAPA STOO. ENDELEA

Mwaka juzi hakuna aliyekufa. Ujumbe wa mapazia nilikuwa nimeusahau mfukoni mwa aproni. Na mimi nilijaliwa mtoto mmoja tu, ndiye huyo aliyekuwa ananigeukia polepole kwenye kiti.

Nikachukua ufagio. Nikamgeuzia kisogo, nikafagia sakafu niliyokuwa nimeifagia muda mfupi uliopita. Alikuja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu, akaninyanyua uso ili aione midomo yangu vizuri.

"Mama," alisema, "pacha wangu aliitwa nani?"