Pete ya Mkono wa Kushoto

"Shawqi, mchumba wako ameolewa na nani?"

Dada yangu Inshirah hata salamu hakutoa. Nilikuwa nimelala chini ya sinki la mteja, simu nimeibana sikioni, maji yananichuruzika shingoni.

"Ataolewa na mimi, Alhamisi. Umekula nini leo?"

"Nimemwona sokoni sasa hivi. Pete yako iko mkono wa kushoto!"

Hapa Tanta, Misri, mchumba huvaa pete kulia. Inahamia kushoto siku ya ndoa. Niliacha bomba linavuja nikaenda kwa mchumba wangu, Wafaa.

Alifungua mlango, mkono wa kulia kauficha nyuma.

"Nani huyo?" nikamuuliza.

"Nani nani?"

"Aliyekuhamishia pete! Mtaje, nina spana mkononi."

Alicheka, kisha akalia. Akautoa mkono. Pale pete ilipokuwa ikikaa, ngozi ilikuwa nyeupe pe.

"Umeungua?"

"Mbalanga. Daktari anasema kinga ya mwili wangu imekosea adui. Inaua chembe zinazoipa ngozi rangi."

"Yaani askari wako wanakupiga wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa kosa gani?"

"Hata daktari hajui, Shawqi!"

"Ni pete yangu iliyoleta haya?"

"Pete ilisugua tu. Wakati mwingine hutokea panaposuguliwa. Hata saa ingeweza."

"Inaambukiza?"

"Haiambukizi. Lakini inaweza kuenea, hata usoni. Ndiyo maana nilinyamaza. Niliogopa utaifuta harusi ya Alhamisi."

Nilikaa kwenye kiti, spana magotini. Nilikuja kupigana na mwanamume. Sasa nimpige nani?

"Sielewi," nikasema. "Sielewi hata kidogo. Lete hiyo pete."

Aliivua, akanipa. "Umeghairi?"

"Utaivaa shingoni, kwenye mkufu."

"Mkufu nao unasugua."

"Basi iweke kabatini! Unaolewa na mimi au na pete?"

"Na wewe, mjinga wee," akasema, akanishika shavu kwa mkono uleule.

Simu ikalia. Ujumbe wa Inshirah: "Huyo bwana umemjua?"

Nikamjibu: "Nimemjua. Ni mimi. Alhamisi njoo mapema, tunataka vigelegele."

Ikalia tena. Huyo alikuwa mteja, maji yamefika sebuleni.