Mgeni wa Kiti cha Pili

Mama mkubwa wangu si mtu wa kutishwa na mizimu. Paka mweusi akimkatizia njia, yeye humuuliza anakwenda wapi. Ndiyo maana aliponisimulia haya, niliamini kila neno.

Alikuwa mshauri nasaha katika jela ya watoto. Kibao cha langoni kiliandikwa "Kituo cha Marekebisho", lakini ukuta ni ukuta tu, uupake rangi uitakayo. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza, stuli yake mwenyewe, na viti viwili vya chuma vya kukunja. Cha kwanza alikalia mtoto. Cha pili kilikaa kitupu, na mtoto alizungumza nacho kana kwamba amekikalia yule aliyemkosea, au yule ambaye yeye alimkosea. Watoto walimwita Mama Viti. Walianza kwa kumcheka, wakaishia kulia, na siku hiyo walilala vizuri.

Kazi hiyo ina mwiko mmoja. Mazungumzo yakiisha, mtoto humuaga mgeni wake: "Asante kwa kuja, nenda salama." Kisha kiti kinakunjwa na kuegemezwa ukutani. Hakiachwi wazi hata kwa dakika moja. Waliomfundisha walisema ni kwa ajili ya akili ya mtoto, asirudi bwenini na mzigo.

Jumatatu moja, karibu na saa sita mchana, alikuwa na Redio, kijana wa miaka kumi na minne aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzima. Siku hiyo aligoma kuzungumza na kaka yake kwenye kiti cha pili.

"Naweza kumwalika mwingine?"

"Nani?"

"Yeyote. Yule ambaye hajawahi kusikilizwa na mtu."

Mama mkubwa alicheka. "Haya, mkaribishe."

Redio alikiinamia kiti. "Karibu, ndugu yangu. Kaa. Sema unachotaka."

Kengele ya chakula ikalia. Redio na chakula, nani angemzuia? Alitoka mbio, mama mkubwa nyuma yake akimpigia kelele afunge kamba za viatu. Kiti kilibaki wazi.

Kesho yake mama mkubwa alikuta vumbi la kijivu juu ya kiti cha pili. Alilifuta. Akaenda kujaza chupa ya maji, akarudi, likawapo tena, na safari hii lilikuwa na unyevunyevu. Alinusa vidole vyake. Saruji.

Redio alipofika kwa zamu yake, alisimama mlangoni.

"Mama Viti, kumbe una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyo." Sauti ilimshuka. "Anasema anaitwa Sindano. Anasema huko chini kuna baridi."

Mama mkubwa alilijua jina hilo. Redio alikuwa na miezi miwili tu pale. Sindano alikuwapo miaka sita nyuma: mtoto mwembamba, asiyejua kuandika, aliyesajiliwa kwa dole gumba, kisha akafungiwa peke yake katika Chumba cha Nne kwa kosa la kumjibu Mkuu wa kituo. Siku ya tisa Mkuu alitangaza kwamba kijana ametoroka. Wiki hiyohiyo sakafu ya Chumba cha Nne ilimwagwa saruji mpya. Taarifa ya utoro ilihitaji sahihi ya mshauri. Mama mkubwa alikuwa mgeni kazini, akatia.

"Nilijiambia si kazi yangu kuhoji," aliniambia. "Mwenye macho haambiwi tazama, nami nilikuwa nayo mawili, mazima."

Jioni hiyo Redio alilitangaza jina la Sindano bweni zima. Jumatano, kabla ya chai ya saa nne, Mkuu aliingia chumbani kwa mama mkubwa na fomu mkononi, akaiweka mezani.

"Kijana wako anazua vurugu. Siku kumi na nne, Chumba cha Nne. Tia sahihi kwamba akili yake inahimili."

Fomu ilikuwa na nafasi mbili, "Naafiki" na "Siafiki". Bila sahihi ya mshauri hakuna mtoto aliyeruhusiwa kufungiwa peke yake.

"Sitii."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Sitii ng'o!"

Mkuu alitabasamu. "Basi leo ndiyo siku yako ya mwisho. Nitamleta atakayetia, na mchana, huyo kijana atakuwa ndani."

Alikuwa na uwezo huo, na wote wawili walijua. Mama mkubwa anasema aliogopa, tena sana, lakini alikuwa amechoka kuogopa kuliko alivyoogopa.

"Keti basi, Mkuu. Tuzungumze kiutu uzima." Akamwonyesha kiti cha pili.

Mkuu akaketi.

Chumba kilipoa. Nje jua lilikuwa kali, dirisha lilikuwa wazi, na pumzi zao zilitoka zikifuka.

Mkuu alitaka kuinuka. Hakuinuka.

Alijaribu tena. Kiti hakikusogea, naye hakusogea.

Kitu kilikuwa kikikwaruza. Polepole. Chini ya viatu vyake.

"Mtoe," Mkuu alinong'ona.

"Nani?"

"Unamjua. Mtoe."

"Mwombe mwenyewe. Wewe ndiye uliyemfungia."

Jasho lilimtiririka katika baridi ile. "Nilimkuta ameshakufa. Ningefanya nini? Nilimkuta ameshakufa!"

Redio alikuwa koridoni akisubiri zamu yake. Ni yeye aliyejibu, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, kavu, ya mtu mwenye mchanga kooni.

"Nilikuwa nimelala tu."

 Mama mkubwa hakukimbia. Alipiga magoti mbele ya kiti, bila kumjali aliyekikalia.

"Sindano, mwanangu. Nilitia sahihi kwamba umetoroka. Nilikukosea. Leo sitii kitu, na anayetaka kumfungia mtoto mle ndani aanze na mimi."

Akainuka, akachukua simu, akampigia hakimu wa watoto palepale, Mkuu akisikia. Liwalo na liwe. Mkuu aliweza kuinuka pale tu askari walipofika kumchukua.

Sakafu ilivunjwa Alhamisi. Sindano alikuwa pale. Fundi alipoligeuza bamba la saruji, alitupa nyundo akatoka nje, na hadi leo hajarudi kuchukua vifaa vyake. Upande wa chini ulikuwa na alama za viganja. Vidogo. Vingi.

Za mwizi ni arobaini. Mkuu sasa yuko gerezani, lile la wakubwa, na wanasema anakula amesimama.

Redio alirudiwa na sauti yake na kelele zake zote. Ni yeye aliyemuaga mgeni, jioni ya Alhamisi hiyo, akilia waziwazi: "Asante kwa kuja, nenda salama." Mama mkubwa alikikunja kiti mwenyewe.

Ndipo akaikumbuka fomu. Ilikuwa palepale mezani, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Kwenye nafasi ya "Siafiki" palikuwa na alama ya dole gumba, dogo, la saruji. Askari waliilinganisha na ile ya daftari la usajili. Zilikuwa za kidole kimoja. Walifunga daftari lao, wakaondoka bila kuuliza swali la pili.

Mama mkubwa bado anafanya kazi palepale, na Chumba cha Nne hakina mlango tena. Fomu ameitunza kabatini kwake. Mwezi uliopita, miaka mitatu baada ya yote hayo, alinionyesha, nami nikaigusa ile alama kwa ncha ya kidole.

Bado ilikuwa mbichi.