Hashiru wa Kuwasha na Kuzima

Usijifanye hujaiona. Ile yadi ya malori pale Kongowe, ukitoka Maili Moja kuelekea Mlandizi, unaipita kila siku, na kila ukifika usawa wake ghafla simu yako inakuwa na ujumbe wa kusoma. Siku eneo lile linasafishwa, wenye yadi walisimama chini ya maturubai wakasema vijana wa hapa watapata ajira za kudumu. Mkapiga makofi, mkala wali, mkaondoka. Hakuna aliyerudi kuuliza. Tupo tusiosahau.

Hashiru, kijana wa Mkuza, alikuwa nyuma ya uzio ule mwaka wa sita. Kazi yake ilikuwa kupanda kwenye lori ambalo halijapata mnunuzi, kuwasha injini, kungoja betri ishibe, kuzima, kisha kuhamia linalofuata. Kabla ya saa nne asubuhi amemaliza. Baada ya hapo ni chai, soga na usingizi kwenye kiti cha dereva. Malori hayakwenda popote, na yeye vilevile.

Siku hiyo alikuwa amekaa juu ya lori jeupe, injini inanguruma chini yake, Saida, mchumba wake, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini umekaa au umelala?"

"Saida, sema shida yako."

"Shida sina, nina nafasi. Msaidizi wetu kwenye mtambo ameacha, mgongo umemshinda. Fundi Rajabu anatafuta mtu. Nimemwambia ninaye mmoja, ila sijui kama yuko macho."

Saida alikuwa mwanamke pekee kwenye kundi la wachimba visima. Wakati huo walikuwa wamepiga mahema kijiji kimoja cha Kisarawe, ndani huko mbele ya Maneromango, kijiji alikolelewa na bibi yake.

"Kubeba mabomba? Mimi?"

"Mikono si unayo?"

"Na nyie mmeandikishwa?"

"Hatujaandikishwa. Kisima kikiisha tunasubiri kingine. Sikudanganyi."

"Sasa niache kibarua cha kivulini nikimbilie kibarua cha juani?"

"Ndiyo maana nakuuliza, sikuamrishi."

"Mpenzi, hapa mimi najishikiza tu. Mkataba ukitoka, naleta posa. Bibi mwenyewe nilimwambia."

"Mwaka wa sita unajishikiza. Mkono haujafa ganzi?"

Hashiru akacheka. Upande wa pili hakukuwa na kicheko.

"Na kwangu je, Hashiru? Umefika, au umejishikiza?"

Injini ikaendelea kunguruma kama yenyewe ndiyo iliyoulizwa.

"Saida..."

"Fundi anachukua mtu Jumamosi. Na usije kwa ajili yangu. Mwanamume aliyekuja kwa ajili yangu, siku mgongo ukimuuma atanidai mimi."

Akakata. Dakika haikupita, ujumbe ukaingia: "Nimechoka kuchumbiwa mezani kwa bosi wako. Posa usinitajie tena mpaka uwe na neno lingine."

Mezani kwa bosi. Ndivyo Anselmi, msimamizi wa yadi, alivyokuwa akimjibu kila akiuliza: mkataba uko mezani kwa bosi. Na Hashiru kila akiulizwa na Saida, alimpelekea jibu lilelile, halijafunguliwa.

Akazima lori, akashuka, akamkuta Anselmi kibandani anakoroga chai.

"Mkuu, mkataba wangu uko wapi?"

"Si nilishakuambia? Uko mezani kwa bosi."

"Meza ipi, Mkuu? Nikaione."

Kijiko kikasimama kwenye kikombe.

"Nani amekujaza maneno?"

"Nataka kuoa."

"Oa. Amekukataza nani? Una kazi ya kulala na unalipwa, wenzako wako juani wanapasua kokoto. Raha gani nyingine unataka?"

"Mkuu, wewe wako uliupata lini?"

Anselmi akaanza tena kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Unadhani mimi ninao?"

"Wewe si msimamizi?"

"Msimamizi wa vibarua, na mwenyewe kibarua. Niliingia hapa uzio haujajengwa, nyasi hizi mpaka kiunoni. Nikiuliza, naambiwa uko mezani. Ukaja wewe ukaniuliza mimi. Ningekujibu nini, mdogo wangu? Nilikupa nilichopewa."

Hashiru akamtazama yule mtu mwenye mvi kidevuni, aliyemwogopa kwa miaka yote ile. Hasira aliyoingia nayo mle kibandani ikakosa pa kukaa.

"Jumamosi sitakuja, Mkuu."

"Usipokuja, unajua waliojaa pale getini. Siwezi kukuficha."

"Najua."

"Usiseme sikukuonya."

Hakuwa ameamua. Hilo lazima lisemwe, maana wapo wanaopenda kusimulia kwamba mwanamume akiamua ameamua. Alitoka Mkuza Jumamosi alfajiri akiwa bado anajiambia anakwenda kumtuliza mchumba, Jumatatu ataomba radhi yadini. Alipofika Kisarawe mjini akakodi pikipiki, na vumbi la njia ya Maneromango likampaka hadi kope.

Mtambo aliusikia kabla hajauona. Ulisimama katikati ya uwanja, mnara wa chuma mrefu kuliko minazi, unatetemeka, unatema vumbi la kijivu. Na pale chini yake, mwenye kofia ngumu na buti lililojaa tope kavu, ameng'ang'ania spana ndefu kama mkono wa mtu mzima, alikuwa Saida. Hashiru alikuwa amezoea kumwona na baibui, ananukia udi. Huyu hakumjua. Ilikuwa kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Saida akamtupia jicho.

"Umekuja kutazama au kufanya?"

"Nimekuja tuongee."

"Basi kaa kule na akina bibi utazame. Hapa hapaongeleki."

Akaenda. Bibi Tunu, bibi yake Saida, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ule mkataba weye, umetoka?"

"Haupo, bibi."

"Haupo, ama haujatoka?"

"Haupo. Haukuwahi kuwepo."

Bibi akamgeukia, akamkagua toka kichwani.

"Leo umesema. Miye haya maji naambiwa yaja tangu mama yake Saida hajazaliwa. Kila wakitaka kura huja na karatasi ina picha ya bomba. Bomba zuri, lang'aa. Ile picha tumeinywa mpaka leo."

"Na haya yatatoka?"

"Watajua wenyewe. Siku ya tatu hii watafuna vumbi tu. Fundi kasema leo yasipotoka, wahama."

Ndipo vumbi likabadilika rangi.

Lilikuwa kijivu, likawa kahawia, kisha likaacha kuruka, likaanza kuanguka chini kwa uzito. Fundi Rajabu akainua mkono. Harufu ikatoka shimoni, harufu ya mvua, na juu hakuna hata kipande cha wingu. Ardhi ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha maji yakapanda, meupe, kwa kishindo, yakapita kimo cha mnara, yakasimama hewani kama yanatafakari, ndipo yakarudi chini juu ya kila mtu.

Ungetegemea vigelegele. Havikuwepo. Watu wazima, waliokuja na madumu tayari mikononi, walisimama wameyaacha madumu yaning'inie. Mzee mmoja akavua kandambili. Aliyekuwa karibu naye akavua. Wakavua wote, mmoja baada ya mwingine, kama wamefika mlangoni pa msikiti. Bibi Tunu akanyoosha kiganja, maji yakajaa, na hakuyanywa. Aliyatazama tu, midomo inacheza bila sauti.

Saida akakinga mikono, akaonja.

"Fundi, hayana chumvi," akasema. Akageuka machozi yasionekane, lakini Hashiru alishayaona.

Maji yale yalikuwepo chini ya miguu ya watu hawa siku zote. Hashiru alisimama ameloa, hajui ashike wapi. Kwa miaka yote ameamsha injini mia na mia, na hakuna hata moja iliyomfikisha mtu mahali.

Simu ikaita. Anselmi.

"Uko wapi? Magari hayajawashwa, na bosi anakuja na wateja."

"Yawashe wewe leo, Mkuu."

"Hashiru, nikimwingiza mtu mwingine hapa, huna pa kurudi. Unanielewa?"

"Mwingize. Ila mwambie ukweli siku ya kwanza. Usimpe nilichopewa mimi."

"Hiyo kelele hapo ni nini?" Anselmi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Maji, Mkuu. Siku ukipata nafasi, njoo uone."

Akaweka simu mfukoni, akaenda mpaka kwenye rundo la mabomba. Saida akamzuia.

"Nilikwambia usije kwa ajili yangu."

"Nilikuja kwa ajili yako. Nabaki kwa ajili ya kazi hii."

"Utachoka."

"Nitachoka. Sitakudai."

Akamgeukia Bibi Tunu palepale, matope yanamchuruzika.

"Bibi, namposa Saida. Sina mkataba, sina ahadi ya mtu yeyote. Ninajileta mwenyewe."

"Mtu hajiposei mwenyewe kama hana watu," bibi akasema. "Mshenga wako nani?"

Fundi Rajabu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mshenga ni mimi. Lakini kwanza abebe hilo bomba, tumuone."

Akalibeba. Liliteleza mara mbili, akina mama wakamcheka, Saida akashika ncha ya pili bila kuombwa. Ndoa ilifungwa kijijini hapohapo, kabla ya mtambo kuhama, na wali wa harusi ulipikwa kwa maji ya kisima kile.

Sasa wewe. Nyumbani kwako au kwa jirani yako kuna kijana aliyekalishwa nyuma ya uzio kwa neno la mdomo, na wewe unalijua jina lake. Mpigie. Si kesho, si ukishamaliza chai. Muulize swali moja tu: ameandikishwa? Akijibu kwamba anasubiri, nenda naye getini ukaulize mbele za watu, kwa sauti. Simu iko mkononi mwako hivi sasa. Piga.