Kiti cha Kona

Rafiki yangu ni fundi wa mabomba, wala si mtu wa kutia chumvi. Ndiyo maana aliponisimulia haya nilimwamini.

Mchana mmoja aliitwa na mama mjane. Beseni lake kubwa la kuogea, lile lenye viti vinne ndani yake, lilichelewa kupasha maji moto. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Fundi akasafisha chujio, akapima hita, vyote vizima. Akatumbukiza mkono. Maji yalikuwa vuguvugu kote, isipokuwa kwenye kiti cha kona. Pale yalikuwa baridi kama barafu.

"Mama, nani hukaa hapa?"

"Alikuwa marehemu baba watoto. Siku hizi hakai mtu."

Fundi akachora alama ya penseli usawa wa maji, kama afanyavyo akitafuta panapovuja. Akafunika beseni, akakaza mikanda ya mfuniko, kisha akazima umeme. Giza totoro. Pampu iliponyamaza, akasikia maji yakichuruzika taratibu, kama mtu anainuka kutoka majini.

Akawasha tochi ya simu. Mikanda ilikuwa imekazwa vilevile. Akafungua mfuniko. Maji yalikuwa yameshuka shibiri nzima chini ya alama, na sakafu ilikuwa kavu. Akagusa kile kiti cha kona. Sasa kilikuwa na joto.

"Fundi," mama akasema gizani nyuma yake, "hebu toa mkono begani kwangu. Una baridi."

Mkono mmoja wa fundi ulikuwa umeshika simu. Wa pili ulikuwa bado ndani ya maji.