Jini Aliyesingiziwa

Kola ilikuwa imekazwa shingoni mwa binti ili kichwa kisigeuke, na muuguzi aliikagua mwenyewe. Hata hivyo, kila mama yake alipoinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai, alikuta uso wa binti umemgeukia, macho yamefumbwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Binti alizaliwa na mfupa wa juu wa shingo ukiwa umepanda hadi ndani ya fuvu, ukikandamiza mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mikono yake ilikuwa ikifa ganzi na maji yakimpalia. Daktari aliuchonga mfupa huo, akaikaza shingo kwa skrubu. Kabla ya hapo aliuliza, "Kwenu kuna mwingine mwenye shingo fupi?"

Mama alivuta mtandio uliofunika shingo yake mwenyewe. "Hakuna, daktari. Labda kwa baba yake."

Mtaani mama alisema binti ana jini. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu mama aliyaficha kwa kumtwisha mwingine, tena bila haya.

Mchana ule feni ikasimama, ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na kinywani mwa binti, bila midomo kutikisika, ikatoka sauti nzito, ya polepole, ya mtu aliyechoka kudhulumiwa, ikisema imesikia ikitajwa bombani, msibani na vibarazani, miaka nenda miaka rudi, ilhali mtoto huyu haijawahi kumgusa hata kwa ukucha.

"Nimekukosea nini?" sauti ikauliza.

"Nisamehe," mama alinong'ona. "Mwanangu usimguse."

"Wageni wako wanakuja. Nisafishe jina mbele yao, nitaondoka. Usiponisafisha, nitakuwa huyo unayemsema."

Wageni wakaingia, wakiongozwa na wifi yake, mwenye mdomo usio na kufuli, aliyezoea kumwita mtoto Kobe.

"Enhe, wifi! Lile jini limetoka?"

Mama akafungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale ulimini. Lakini macho ya wifi yalikuwa yametua kwenye mtandio, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Limetoka," akasema. "Lilikuwa kali, lakini limetoka."

Wote wakamshukuru Mungu. Wifi akamkumbatia.

Nyuma yao binti akafumbua macho, akajaribu kuinua mkono, ukagoma.

"Mama," aliita kwa sauti yake mwenyewe, "mbona mikono imekufa ganzi tena?"